Moyo wa Refa, Mdomo wa Mama

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimefungua kibanda changu cha dobi, mara ya kwanza tangu operesheni. Pasi imenikumbuka. Mabeseni anabeba mkwe wangu, mke wa mwanangu, mimi nimekatazwa vizito – nashika pasi na kupiga domo. Ubavu wa kushoto bado unavuta nikiinama. Acha uvute. Hapo ndipo lilipotoka figo, na figo lenyewe sasa liko kwa mwanangu Refa, linachapa kazi kuliko watu wengi wanaolipwa mshahara.

Waliotaka kusikia habari nimewahadithia. Wasiotaka pia. Kaja mtu na shati moja, ana haraka zake, kaondoka anajua mpaka rangi ya mkojo wa Refa. Jirani yangu fundi cherehani akanipigia kelele kutoka mlangoni kwake: shoga, mtu kaleta shati, wewe unampa figo! Nikamwambia figo nilishatoa, limebaki moja, na hilo sigawi.

Refa kashinda kivulini na kitabu chake cha sheria za mpira. Rangi ya uso imerudi. Kinachoniudhi ni ule mpira wa kifuani, wa ile mashine iliyokuwa inamsafisha damu. Unaingia chini ya mfupa wa bega, unatambaa ndani ya mshipa mkubwa mpaka mlangoni kwa moyo. Waliuacha kwa sababu figo lilichelewa kuamka. Kweli, siku za mwanzo lililala tu, kama mgeni aliyechoshwa na safari. Lakini limeshaamka! Mpira wa nini tena? Ni kama umemwandalia mtu chakula, naye kaja na mkate wake mfukoni.

Jumatano, 5 Machi

Kliniki. Daktari wa figo ni binti mwembamba, ukimtazama utasema bado anasoma, lakini ana akili za kutosha watu watatu. Akamuuliza Refa, unajisikiaje? Nikamjibu: mzima kama chuma. Anakula, analala, choo kizuri, mkojo kama chai ya rangi iliyozimuliwa. Daktari akacheka, akasema mama, nimemuuliza yeye. Refa akasema, mama ameshamaliza.

Vipimo vya damu safi. Mpira unatolewa Jumanne! Nimemshika daktari mkono nusura niuvunje. Nimemwambia mafigo ya ukoo wetu hayana kosa, mama yangu alizeeka na yake yote mawili na hayakuwahi kumdai kitu. Wagonjwa kwenye benchi wote walisikia. Vizuri. Wapate moyo.

Kupanda ngazi za daraja la barabara kubwa, Refa alisimama katikati kufunga kamba za kiatu. Tulipofika juu akafunga cha pili. Nikamwambia nitakununulia ndala.

Ijumaa, 7 Machi

Marefa wenzake wawili walikuja kumjulia hali. Wamevaa vizuri, ila shati la mmoja limepigwa pasi na adui. Nikawaambia huyu mwezi wa tano yuko uwanjani na nyinyi. Nikamwambia Refa, hebu toa filimbi, wasikie pumzi ya mtu mwenye figo jipya.

Akaiweka mdomoni. Ikatoka sauti kama kuku anayekohoa. Wale wageni wakatazama chini. Refa akasema imeingia vumbi.

Jioni nimeiosha kwa sabuni, nikaikausha, nikaipuliza mwenyewe pale kibandani. Mbwa wote wa mtaa wamebweka. Fundi cherehani akatoka na sindano mdomoni, akauliza nani kaotea.

Nimecheka sana. Halafu nimeitazama ile filimbi. Ni nzima.

Nimemuuliza Refa. Kasema koo lilikauka. Nimempa maji, kanywa. Mkwe wangu alikuwa anakunja mashuka pale pale na hakuinua uso.

Jumapili, 9 Machi

Siku ya kufua vya nyumbani. Foronya za chumbani kwao nyingi, mito yote ya nyumba iko kwao. Nimemuuliza mkwe, mnajenga ukuta? Kasema mumewe anapenda kuegemea akisoma.

Shati jeupe la Refa, lile la harusi ya dada yake, leo halifungi kola. Kifungo hakifiki kwenye tundu. Kanenepa! Nimempeleka kwa fundi cherehani ajionee – mwanangu kanenepa mpaka shingo. Fundi akaipima kwa vidole, akasema mbona kiuno cha suruali kimelegea? Nikamwambia wewe shona.

Jumanne, 11 Machi

 

Asubuhi nilivaa gauni la zambarau. Fundi cherehani nilimchukua awe shahidi wa kutolewa mpira. Tukaruhusiwa kusimama nyuma ya pazia. Daktari wa figo akavaa glavu, akasafisha, akakata uzi wa kwanza ulioshikilia mpira kwenye ngozi. Huku anafanya kazi akauliza, hakuna tatizo la kupumua?

Mimi, kutoka nyuma ya pazia: hakuna!

Refa akasema: lipo.

Basi. Neno moja. Mkono wa daktari ukasimama hewani na mkasi wake.

Akamuuliza tangu lini. Refa akasema tangu kabla ya kliniki ya Jumatano. Akisema sentensi ndefu anakwama. Akilala chali anahisi mtu kamkalia kifuani, ndiyo maana ya mito. Ngazi hawezi – zile kamba za viatu hazikuwa zimefunguka. Alikuwa anazifungua mwenyewe apate kuinama, apumue. Na shingo inajaa. Kumbe si unene.

Daktari hakumgombeza. Aliweka mkasi chini taratibu, kama mtu aliyekanyaga waya na hajui kama una umeme. Akafunika mpira kwa bandeji, akamwambia muuguzi: usiuguse, usiuvute, aletewe kiti cha magurudumu. Atakwenda kupimwa moyo sasa hivi.

Daktari wa moyo ni mzee wa pole pole. Nimeshampa jina, Bwana Taratibu. Anampaka Refa yale mafuta ya baridi kifuani, anapitisha kile kifaa, hasemi. Mimi namtazama usoni, nasoma kama ubao. Mwisho akanigeuzia kioo cha mashine, akanionyesha. Moyo wa mwanangu! Unafungua na kufunga kama ngumi. Na ndani yake, chumba cha upande wa kulia, kitu kimening'inia kwenye ncha ya mpira. Kila moyo ukipiga, kinakwenda na kurudi.

Donge la damu, kasema.

Nalijua donge. Ukiuacha wanga wa nguo kwenye beseni bila kukoroga, mahali penye kijiti ndipo unapoganda kwanza. Nikamwambia basi vuteni kijiti. Akasema mama, ndicho walichokuwa wanataka kufanya asubuhi. Ukivuta mpira, donge linaweza kukatika, litakwenda kuziba mshipa wa mapafu. Mtu huwa hafiki mlangoni.

Alisema hivyo kwa sauti ile ile ya pole pole. 

Refa kalazwa. Gauni la zambarau nimelivua, sitaki kuliona.

Jumatano, 12 Machi

Nimembana mkwe kwenye kichochoro cha wodi, pale penye ndoo za usafi. Nikamwambia wewe ulijua.

Akasema ndiyo, mama.

Nikamuuliza ulinyamazaje na mumeo anashindwa kupumua kitandani? Alilia kwanza. Halafu kasema Refa alimwapisha asiseme, maneno yake haya: Mama kila anayepita anamwambia figo halina kosa, sasa mimi niseme naumwa? Atadhani ndilo baya. Mama katoa kiungo chake, mimi nishindwe kutoa tabasamu?

Nikasema ningejua ningemkung'uta yule mtoto.

Akajifuta uso, akasema kwa adabu zake zote: ndiyo maana hukujua, mama.

 Mimi! Wanasema uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Mzazi alikuwa anahangaika na kifungo cha kola.

Alhamisi, 13 Machi

Dawa ya kuzuia damu isigande inaingia kwa dripu, tone kwa tone. Kazi yake ni kulizuia donge lisikue, mwili wenyewe ulimumunye kidogo kidogo. Refa haruhusiwi kushuka kitandani ghafla, wala kujikaza chooni. Kasema hata chafya anaomba ruhusa.

Mchana kapiga mswaki, fizi zikatoka damu, haikatiki. Halafu mkojo. Muuguzi aliinua mfuko wa mkojo aliowekewa kwenye mwanga wa dirisha, ulikuwa mwekundu kama maji ya kwanza ya kitenge kipya.

Nilipiga kelele. Figo langu linalia damu! Wodi nzima iligeuka.

Daktari wa figo alikuja mbio na koti halijafungwa. Wamepunguza dawa. Akanieleza kwa upole: ikizidi anavuja, ikipungua donge linakua. Lazima tutembee katikati. Nikamuuliza katikati hapo pana upana gani. Akasema mwembamba, mama.

Jioni mkojo ulianza kupauka. Nilisimama nautazama kama mtu anayengoja nguo zikauke na wingu liko juu.

Jumamosi, 15 Machi

Bwana Taratibu katuita wote kitandani kwa Refa. Kavuta kiti, kakaa. Daktari akikaa, jua mambo mazito.

Kasema watarudia kipimo Alhamisi. Donge likiwa limenywea, wataendelea na dawa, na mpira utatolewa kwa usalama. Lisiponywea, au likianza kulegea, watafungua kifua walitoe kwa mkono. Moyo utasimamishwa, mashine ndiyo itapiga badala yake. Nikauliza, na figo? Akasema figo bado changa. Kwenye operesheni ya namna hiyo linaweza lisistahimili.

Nikasema basi haifunguliwi. Tutangoja dawa. Hata mwaka. Tukafungue kifua ili nini, tupoteze figo zima nililo –

Refa akainua kidole kitandani pale. Mama, akasema. Kadi ya njano.

Wote wakacheka kidogo, hata Bwana Taratibu. Mimi sikucheka. Refa akavuta pumzi, akasubiri, akavuta nyingine. Akamwambia daktari: kama Alhamisi donge bado lipo, nifungue. Figo likifa nitarudi kwenye mashine, mashine naijua. Moyo sina wa akiba.

Hakunitazama aliposema.

Nimetoka nje mpaka kwenye ukuta wa jenereta. Nimelia. Tena nimelia kwa hasira, niseme ukweli, si kwa huzuni. Nimelala juu ya meza nikachanwa ubavu, leo kijana anasema likifa life! Kama anaongelea chupa ya soda.

Jumapili, 16 Machi

Sikwenda hospitali. Nimemtuma mkwe.

Nimepiga pasi mashuka ya nyumba ya wageni, yote, bila kuzungumza na mteja hata mmoja. Fundi cherehani kaja kunigusa paji la uso kama nina homa. Nikamweleza. Nikamwambia, kiungo changu, shoga, na sikuulizwa.

Akakaa kwenye gunia la makaa. Akasema, hivi mteja akishachukua shati lake, umelinyoosha, limekaa vizuri, unamfuata barabarani kuangalia asikalie vumbi?

Nikasema huyu si mteja, huyu ni mwanangu.

Akasema basi mfuate yeye, shati uliache.

Ana mdomo huyu mwanamke. Nimemwambia aende akashone. Hakwenda, alikunja mashuka na mimi mpaka yakaisha.

Jumatatu, 17 Machi

Nimekwenda asubuhi. Refa kadhoofika, macho ndiyo makubwa. Nikamwamkua kama kawaida, nikamsugua miguu.  Mzee wa kitanda cha jirani akauliza, leo redio imekatika umeme?

Mwisho nikasema. Kama ni kufungua, wafungue. Lako hilo. Nilikupa ukiwa umelala na mimi nimelala, hatukuandikishana.

Akanishika mkono, akauweka ubavuni kwake, chini upande wa kulia, lilipo. Panatokeza kidogo. Akasema mama, wewe unadhani sikulitaka? Naliamkia kila siku.

Halafu akasema: lakini uniache niseme mwenyewe. Kwa daktari, kwa watu. Nikisema naumwa, niumwe. Nikamwambia nitajaribu. Akasema ukikosea ni ya pili ya njano, unatoka nje. Nikamwambia nimekuzaa, mimi ndiye mwenye uwanja.

Kacheka. Kicheko kikageuka kikohozi, kikohozi kikakataa kuisha. Muuguzi akaja na hewa ya puani. Midomo ilikuwa na rangi nisiyoipenda. Nilikuwa nimeshafungua kinywa kumwambia muuguzi ni kawaida yake, anapaliwa tu. Nikakifunga. Muuguzi akamuuliza Refa, leo imezidi? Kaonyesha kwa kichwa: imezidi.

Ingekuwa wiki iliyopita ningejibu mimi. Ningejibu hapana.

Jumanne, 18 Machi

Hewa bado puani. Dawa wameiongeza tena kidogo. Mkojo safi. Kipimo hakijasogezwa, ni Alhamisi.

Wateja wanauliza. Nasema yuko hospitali. Wanasubiri niendelee. Siendelei. Mmoja kauliza kama nimegombana na mtu.

Alhamisi, 20 Machi

Naandika nikiwa kwenye benchi la nje ya chumba cha kipimo. Benchi la chuma, limepakwa rangi ya kijani juu ya rangi ya bluu. Nimevaa gauni la kawaida. Filimbi ya Refa ninayo kwenye mkoba, nimeifunga kwenye leso niliyoitia wanga mwenyewe. Sijui nimeileta ya nini.

Wamemleta kwa kiti, mkwe anasukuma. Nikasimama niingie, kama siku zote. Refa akainua kiganja, kile cha kuzuia wachezaji. Akasema mama, leo niingie mimi na mke wangu. Akisema daktari, nisikie mimi kwanza. Nitakuja kukwambia.

Bwana Taratibu alikuwa ameshika mlango. Akanitazama, akangoja. Yeye kazoea kuniambia mimi. Akauliza, mama, usiku amelalaje?

Najua alivyolala, mkwe kaniambia. Najua na mito ilikuwa mingapi. Nikauma ncha ya mtandio. Nikanyoosha mkono nikamwonyesha Refa.

Refa akasema: vibaya, daktari. Lakini si vibaya kama Jumatatu.

Mlango ukafungwa.

Muda umepita. Kwa mara ya kwanza tangu azaliwe kuna habari yake ambayo wengine wanayo na mimi sina. Nasikia mashine. Nasikia sauti ya Bwana Taratibu, maneno hayafiki. Kamaliza kusema, kaanza tena. Daktari wa figo kapita hapa mbio mbio, kaingia, hakunisalimu. Pengine hakuniona. Mlango ulipofunguka nimeona mgongo wa mkwe tu na mkono wake begani kwa Refa.

Fundi cherehani kapiga simu. Shoga, vipi, limenywea? Nimefungua kinywa. Yote yalikuja – mzima kama chuma, ukoo wetu, mama yangu na yake mawili. Nikamwambia sijui.

 Akauliza, wewe hujui?

Nikasema sijui. Mwenyewe yuko ndani, atatuambia.

Nimekata simu. Nimekalia mikono, nimeitoa tu niandike hili. Ndani wamenyamaza wote. Sasa anaongea mmoja, polepole, anapumzika katikati ya maneno. Ni yeye. Anasema jambo refu.

Kiti kinageuzwa. Magurudumu yanakuja huku